MITAJI YA CHINA KATIKA NCHI YA LAOS: MAFUNZO KWA VYAMA VYA MSINGI



Mwaka 2020 China ilikubali kununua soya kutoka Tanzania, na mwaka 2022 ikafungua soko lake kwa parachichi letu. Hizo ni habari njema kwa mkulima. Lakini soko linapofunguka mnunuzi hulifuata, na nyuma ya mnunuzi huja mwenye mtaji anayetaka ama kulimiwa zao hilo kwa mkataba, ama kulilima mwenyewe juu ya ardhi ya kupanga. Hapo ndipo chama cha msingi huwekewa karatasi mezani na kuombwa kutia sahihi.

Kuhusu mitaji ya China yasemwa mengi. Wapo wanaoisifu kama kwamba haina kasoro, na wapo wanaoilaumu kama kwamba haikuleta jema lolote. Maneno ya namna hiyo hayamsaidii mjumbe wa bodi ambaye kesho atapaswa kuamua. Litakalomsaidia ni kutazama mahali ambapo jambo hili limekwisha kutendeka kwa muda mrefu, akapima lililopatikana na lililopotea. Makala haya yanaieleza nchi ya Laos, kwa kuwa ni nchi ya wakulima, ni ndogo, na mitaji ya China imeingia humo tangu katika shamba la mwanakijiji hadi katika reli na umeme wa taifa zima.

NCHI YENYEWE

Laos iko Asia ya Kusini-Mashariki. Eneo lake ni kilomita za mraba 236,800 hivi, yaani kama robo ya Tanzania, na wakazi wake ni kiasi cha milioni 7 na nusu. Haina bahari. Imezungukwa na China upande wa kaskazini, Vietnam mashariki, Kambodia kusini, na Thailand na Myanmar magharibi. Sehemu kubwa ya kaskazini ni milima, na watu wake hulima mpunga mabondeni na mpunga wa vilimani kwa kuhamahama.

Mwaka 1975 Laos ikawa jamhuri chini ya chama kimoja, na baada ya hapo serikali ilijaribu kuwakusanya wakulima katika vyama vya uzalishaji vya kulima kwa pamoja. Vyama hivyo havikudumu, kwa sababu viliamriwa kutoka juu kuliko kuundwa na wakulima wenyewe. Mwaka 1986 serikali iligeuza siasa yake ya uchumi na kufungua milango kwa biashara na mitaji ya nje. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana mitaji ilipoanza kumiminika katika miaka ya 2000, mkulima wa Laos aliikabili bila chombo chake mwenyewe cha kumsemea.

MPIRA: MAWILI KWA MATATU

Mfano wa kwanza ni wa miti ya mpira katika majimbo ya kaskazini yanayopakana na China. Katika jimbo la Luang Namtha kiko kijiji cha Hat Ngao, ambacho wakazi wake walianza kupanda mpira mwaka 1994. Walitumia mkopo uliopitia serikali ya jimbo na nguvu za mikono yao, wakajifunza kazi kwa jamaa zao wa upande wa pili wa mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kugema utomvu na kuuza kwa pamoja kwa wanunuzi wa China. Kijiji kikainuka, na vijiji vingine vikatamani.

Wakati huohuo serikali ya China ilikuwa ikiyasaidia makampuni yake kupanda mazao Laos na Myanmar kwa shabaha ya kuwaachisha wakulima kilimo cha afyuni. Mwaka 2006 ilitenga fedha maalum kwa kazi hiyo, na makampuni yaliyoshiriki yaliruhusiwa kuingiza mazao China kwa kiasi maalum bila kutozwa ushuru. Makampuni yakavuka mpaka kwa wingi.

Mwaka 2005 viongozi wa majimbo ya Luang Namtha, Bokeo na Oudomxay walikubaliana kwamba, badala ya kuyakabidhi makampuni mashamba makubwa, watatumia utaratibu ulioitwa "mawili kwa matatu". Maana yake ni hii. Mkulima hutoa vitu viwili: ardhi na kazi. Kampuni hutoa vitu vitatu: mtaji, utaalamu na soko. Mapato hugawanywa, na kwa kawaida mkulima hupata sehemu kubwa, kama asilimia 70 hivi, na kampuni hupata iliyobaki.

Kwenye karatasi utaratibu huo ulikuwa mzuri. Lakini mpira huchukua kama miaka saba kabla ya kugemwa, na katika miaka hiyo yote mwenye shamba hapati senti. Kaya maskini haiwezi kupalilia miti kwa miaka saba huku watoto wanataka chakula. Kwa hiyo mahali pengi makampuni yaligeuza utaratibu ukawa "moja kwa manne": mwanakijiji atoe ardhi peke yake, nayo kampuni itoe mtaji, utaalamu, soko na hata kazi, kwa kuajiri vibarua. Mgawo nao ukapinduka, mwanakijiji akabakiwa na asilimia 30 hivi.

Tufanye hesabu tuone tofauti. Tuseme hekta moja ina miti 450. Katika "mawili kwa matatu" kwa mgawo wa asilimia 70, mkulima ana miti 315 na kampuni ina 135. Katika "moja kwa manne" kwa mgawo wa asilimia 30, mkulima ana miti 135 na kampuni ina 315. Ardhi ni ileile na miti ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba kazi imehama kutoka kwa mwenye ardhi, na thamani imehama pamoja nayo. Tena mkulima huyo anakuwa kibarua juu ya shamba ambalo jana lilikuwa lake, ikiwa kampuni itapenda kumwajiri.

Jambo jingine ni soko. Kwa kuwa msamaha wa ushuru wa China ulikuwa mikononi mwa makampuni yaliyoshiriki katika mpango, mkulima aliyepanda kwa nguvu zake mwenyewe naye ilimbidi kuuza kupitia kwao. Aliyeshika mlango wa soko ndiye aliyepanga bei. Mwezi Februari 2011 bei ya mpira katika soko la dunia ilipanda kupita dola 5 kwa kilo. Mwanzoni mwa mwaka 2016 ilikuwa imeshuka hadi dola moja na ushee. Wengi waliopanda kwa matumaini ya bei ya 2011 walikuta miti yao imefikia umri wa kugemwa wakati bei imekwisha anguka. Hasara hiyo haikuletwa na Wachina wala na mtu yeyote mmoja, bali ni tabia ya mazao ya biashara. Swali ni nani aliyebeba hasara, na jibu ni kwamba aliibeba zaidi yule ambaye hakuwa na zao jingine.

NDIZI: KODI NONO NA ARDHI ILIYOCHOKA

Mfano wa pili ni wa ndizi. Kuanzia kama mwaka 2008 wafanyabiashara wa China walianza kupanga mashamba ya mpunga mabondeni, hasa katika jimbo la Bokeo, ili kulima migomba kwa ajili ya soko la kwao. Walilipa kodi iliyozidi faida ya mpunga. Mwenye shamba aliweza kukaa nyumbani, akapokea fedha taslimu na kujenga nyumba bora. Hatuwezi kumlaumu. Mtu mwenye akili timamu huchagua kipato kikubwa mbele ya kidogo.

Lakini mapato hayo yalikuwa na upande wa pili. Migomba ile ililimwa kwa dawa nyingi za kuua wadudu, magugu na ukungu. Vibarua wengi walikuwa watu wa milimani, Wahmong na Wakhmu, walioshuka na familia zao na kuishi katika vibanda ndani ya mashamba, karibu na dawa na makopo yake. Mwaka 2016 taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na misitu ya Laos ilitoa taarifa kwamba matumizi makubwa ya dawa yamewaugua vibarua wengi na kuchafua maji. Serikali nayo ilipiga marufuku kufungua mashamba mapya ya migomba katika majimbo ya kaskazini. Mikataba iliyokuwapo iliachwa iendelee hadi muda wake, na ndizi za Laos zimeendelea kuuzwa China.

Tazama jinsi faida na madhara yalivyogawanyika. Kodi ilipokewa na mwenye bonde, ugonjwa ukampata kibarua wa mlimani, na mto uliochafuka ni wa wote. Kisha, mkataba ulipokwisha, mwenye bonde alirudishiwa shamba ambalo matuta yake ya kuzuia maji yamesawazishwa kwa matingatinga na udongo wake umejaa dawa. Kulirudisha liwe shamba la mpunga ni kazi ya gharama. Aliyehesabu kodi ya mwaka kwa mwaka bila kuhesabu gharama hiyo ya mwisho alihesabu nusu ya hesabu.

RELI NA MABWAWA

Sasa tupande kutoka shambani hadi kwenye taifa. Tarehe 3 Desemba 2021 ilifunguliwa reli kutoka Boten, penye mpaka wa China, hadi Vientiane, mji mkuu wa Laos. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa hupita katika mahandaki na juu ya madaraja kwa sababu ya milima. Gharama yake ilikaribia dola bilioni 6. Safari iliyokuwa ikichukua siku nzima au zaidi kwa barabara mbovu sasa ni ya saa nne hivi. Mizigo huvuka mpaka, watalii wameongezeka, na tangu Aprili 2023 abiria husafiri kwa treni kati ya Vientiane na Kunming. Kwa nchi isiyo na bahari hilo si jambo dogo, na wananchi wenyewe huipanda reli hiyo kwa wingi.

Msomaji wa Tanzania hataacha kuikumbuka TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China wa yuan milioni 988 usiokuwa na riba, na mali ikawa ya Tanzania na Zambia nusu kwa nusu. Mwezi Septemba 2024 marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia huko Beijing kutiwa sahihi kwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Reli ya Laos ni ya zama nyingine. Mwenye reli ni kampuni ya ubia ambamo upande wa China una asilimia 70 na Laos asilimia 30. Asilimia 60 ya gharama ilikopwa na kampuni hiyo kutoka benki ya serikali ya China ya kuendeleza biashara ya nje. Hata katika fungu la mtaji lililopaswa kutolewa na serikali ya Laos, kiasi cha dola milioni 730, dola milioni 480 zilikopwa kwenye benki hiyohiyo kwa riba ya asilimia 2.3. Kwa lugha ya ushirika, mwanachama amenunua hisa zake kwa fedha alizokopeshwa na mwanahisa mwenzake.

Kwenye umeme mambo yamekuwa hivyohivyo. Juu ya mto Nam Ou kampuni ya serikali ya China imejenga mabwawa saba yenye uwezo wa megawati 1,272, na kazi ilikamilika mwaka 2021. Laos ina asilimia 15 tu ya hisa, nayo itakabidhiwa mabwawa baada ya miaka 29. Vijiji vilihamishwa, na mitumbwi iliyokuwa ikisafiri juu na chini ya mto sasa inakwama ukutani mwa bwawa. Umeme mwingi wa Laos huuzwa nje, hasa Thailand.

DENI NA THAMANI YA SARAFU

Hapa ndipo mambo makubwa ya taifa yanapomrudia mkulima. Laos ilikopa kwa dola na yuan, lakini wananchi wake hulipwa kwa sarafu yao iitwayo kip. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa chini kidogo ya kip 10,000. Kabla ya mwisho wa 2023 ilikuwa zaidi ya kip 20,000. Tuseme mtu alikuwa na deni la dola 10,000. Dola ikiwa kip 9,500, deni lake ni kip milioni 95. Dola ikifika kip 20,500, deni ni kip milioni 205. Hakukopa zaidi, hakuchelewa kulipa, na hata kama mkopo haukuwa na riba, deni limezidi mara mbili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa serikali. Mwaka 2022 deni la taifa lilipita thamani ya mapato yote ya nchi kwa mwaka, na karibu nusu ya deni la nje ni la China. Bei ya mafuta, mbolea na chakula ikapaa. Mwezi Mei 2022 magari yalipanga foleni kwenye vituo vya mafuta vilivyokauka, na mwezi Februari 2023 mfumuko wa bei ulifika asilimia 41. Mkulima ambaye hajawahi kupanda treni wala kuuza gunia moja China alilipa sehemu yake ya deni kila aliponunua mbolea. Vijana wengi walivuka mto Mekong kwenda Thailand kutafuta vibarua.

Ni haki kusema kwamba si deni la reli peke yake lililoleta shida hiyo. Serikali ilikopa pia kwa ajili ya umeme, ukusanyaji wa kodi ulikuwa dhaifu, na ugonjwa wa korona na kupanda kwa bei za dunia viliongeza mzigo. China nayo imekubali kuahirisha malipo mara kadhaa. Lakini kuahirisha si kusamehe. Mwaka 2021 usimamizi wa njia kuu za umeme ulikabidhiwa kwa muda wa miaka 25 kwa kampuni ya ubia ambayo hisa nyingi ni za shirika la umeme la China. Nchi iliyojiita betri ya Asia ya Kusini-Mashariki haina tena usemi kamili juu ya nyaya zake yenyewe.

MAFUNZO KWA VYAMA VYETU

Kutokana na hayo, chama cha msingi chaweza kujiwekea kanuni zifuatazo kabla ya kupokea mwekezaji yeyote, awe wa China, wa nchi nyingine au wa hapa nyumbani.

Kwanza, hesabuni mnachotoa. Mkataba usomwe kwa kuuliza: ardhi ni ya nani, kazi ni ya nani, mtaji, utaalamu na soko ni vya nani, na kila kimoja kimepewa thamani gani. Mahali ambapo wanachama waweza kutoa kazi wenyewe wasiiachie. Ikiwa tatizo ni chakula katika miaka ya kungojea, chama kitafute mkopo mdogo wa kuwavusha au kichanganye mazao ya muda mfupi kati ya miti, kuliko kuuza nafasi yao katika mgawo.

Pili, msifunge soko. Bei ya chini kabisa iandikwe kwenye mkataba, pamoja na jinsi itakavyopangwa na siku ambayo fedha zitalipwa. Iandikwe pia kwamba mnunuzi asipofika au asipolipa kwa wakati, chama kina ruhusa ya kuuza kwingine.

Tatu, linda ardhi yenyewe. Katika sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ardhi ya kijiji ina mamlaka zake, ambazo ni halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Bodi ya chama haina uwezo wa kuigawa. Palipo na upangishaji halali, mkataba utaje dawa zitakazotumika, mahali pa kutupa makopo, hali ambayo ardhi itarudishwa nayo, na fedha ya amana itakayozuiliwa mpaka irudishwe hivyo.

Nne, wakumbukwe vibarua. Chama kinachopokea kodi huku watu wa kijiji jirani wanaugua kwa dawa hakijafanya ushirika. Maji ya kisima na afya ya mpuliza dawa viandikwe katika mkataba kama inavyoandikwa bei.

Tano, ogopeni deni la fedha za kigeni. Mkopo wowote wa chama sharti uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kukubaliwa na Mrajis. Mkikopeshwa matrekta au pembejeo kwa bei ya dola, rudieni hesabu mkidhani kwamba dola imepanda mara mbili. Kama hesabu hiyo yawaangusha, mkopo huo ni mkubwa mno kwenu. Wala msikubali kununuliwa hisa za ubia kwa mkopo wa mbia wenu bila kujua itakuwaje mkishindwa kulipa.

Sita, mkataba uwe wa Kiswahili, usomwe wote katika mkutano mkuu, maswali ya wanachama yaandikwe katika muhtasari, na nakala ibaki katika ofisi ya chama. Mwenyekiti na katibu wana kalamu tu. Uamuzi ni wa wanachama. Mkataba ambao mwekezaji hataki usomwe hadharani umekwisha kujieleza.

Kijiji cha Hat Ngao na vijiji vilivyoingia "moja kwa manne" viliuza utomvu uleule kwa nchi ileile. Tofauti yao ni kwamba wa kwanza walikuja sokoni wakiwa na miti yao, kazi yao na sauti moja, na wengine walikuja kila kaya peke yake ikiwa na ardhi tu. Bei ilipoanguka wote waliumia, lakini mwenye miti yake aliweza kungoja bei ipande tena.

Mwenye mtaji hufuata faida, na hilo si kosa lake. Ni wajibu wa chama kuhakikisha kwamba na wanachama wake nao wanafuata ya kwao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, kila bodi na ifungue daftari lake kabla mgeni hajafungua mkoba wake.

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika